Bakuli Lililorudi na Karoti

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Alhamisi ya tarehe kumi na saba Oktoba, Bi Corliss alifungua bati lake la mkate akalikuta tupu.

Alilipindua. Akalitikisa. Kisha akakaa juu ya boksi la vitabu, palepale katika banda la gari, akampigia simu mdogo wake.

"Ardis, njoo."

"Umeanguka tena?"

"Sijaanguka. Ramani ya baba haipo."

Bi Ardis alikuwa jikoni kwake, ng'ambo ya barabara, akimenya karoti za supu ya mchana kwa ajili ya watu watakaopakia lori la kumhamisha dada yake. Karoti hizo alizikuta barazani kwake alfajiri ya jana, Jumatano, ndani ya bakuli lake mwenyewe la kuokea, la kioo cha kijani, lililomeguka sikio moja. Alipolipindua aliona jina lake chini, kwenye kipande cha selotepu ya karatasi, kwa mwandiko wake. Hakushangaa. Pale Nordby, mji mdogo wa Minnesota, kila mwanamke wa kanisa hubandika jina lake chini ya bakuli, maana mabakuli huzunguka kwenye misiba na kipaimara hadi mtu anasahau lipi lake. Na bakuli likirudi kwa mwenyewe halirudi tupu. Jambo hilo hakuna anayelifundisha, mtu hukua nalo. Alijiuliza tu ni nani aliyekaa nalo siku zote hizo, akamshukuru Mungu, akatafuta kisu.

Sasa alizima jiko, akavaa koti, akavuka barabara.

Alikuwa na miaka sabini, mjane wa mwaka wa tisa. Miaka ishirini na miwili aliendesha basi la shule, na huko alizoea kuwatazama watoto arobaini katika kioo kidogo cha mbele na kujua nani kamfinya nani bila kugeuza shingo. Polisi wa wilaya wako maili thelathini, na Bi Corliss hakutaka polisi. Alimtaka Ardis.

"Nieleze taratibu," Bi Ardis alisema. "Uliiona lini mara ya mwisho?"

"Jumapili, baada ya chakula. Niliikunja, nikaiweka ndani ya bati la mkate, bati nikaliweka ndani ya boksi namba thelathini na moja, nikalifunga kwa selotepu. Saa tisa alasiri. Mlikuwapo wote, wewe, Orlin na Verna. Mkanicheka."

"Tulikucheka kwa sababu ulilifunga kama jeneza."

"Na bado wameniibia!"

Bi Ardis alimshika bega, akamwacha apumue.

Ilikuwa ramani ya karatasi, ya mwaka wa sitini. Mwaka huo baba yao alipakia vitanda, jiko la chuma na mashine ya kushonea katika lori la shamba, akaendesha kutoka Minnesota mpaka Oregon, maili elfu moja na mia saba, kumhamisha ndugu yake. Watoto watatu walikuwa nyuma ya lori, juu ya magodoro: Corliss wa miaka kumi na saba, Orlin wa kumi na nne, Ardis wa kumi na mmoja. Mama yao aliandika kwa penseli kila mahali walipolala na kila walichokula. Hapa mvua ya mawe. Hapa Ardis katapika. Hapa jua lilizama tukaimba. Na kule Glendive, Montana, kijana aliyewajazia mafuta aliomba penseli, akaandika pembeni mwa ramani jina lake na anwani yake, akamtazama Corliss, masikio yamemwiva. Kijana huyo aliitwa Elroy. Walioana baada ya miaka mitatu, wakaishi pamoja miaka hamsini na minne. Sasa Elroy amelala katika makaburi ya kanisa, mwaka wa pili huu.

"Nilitaka nisimame pale Glendive nikiwa nayo mkononi," Bi Corliss alisema. "Hilo tu. Kwa hiyo sikiliza. Bila ile ramani siendi."

"Dada, nyumba imeuzwa. Wenyewe wanaingia Jumatatu."

"Nitalala kwako."

"Na Februari ukianguka tena nikiwa sipo?"

Februari iliyopita Bi Corliss aliteleza kwenye barafu ya ngazi za nyuma, akalala chini saa nne nzima hadi Verna, rafiki yake wa jiko la kanisa, alipopita kuleta gazeti la kanisa. Vidole viwili vya mguu viliganda, vikakatwa. Binti yake kule Oregon alimtayarishia chumba chenye dirisha linalotazama mto. Safari ilipangwa kesho Ijumaa alfajiri, siku tatu barabarani, Orlin kwenye usukani, Ardis akisoma njia, ili wavuke milima ya Montana kabla ya theluji iliyotabiriwa kuanza Jumatatu. Wakichelewa, safari itasogea mpaka Aprili. Na kati ya hapo na Aprili kuna majira mazima ya baridi, na ngazi za nyumba yoyote ya Nordby ni zilezile.

Bi Ardis aliinama kwenye boksi. Namba thelathini na moja iliandikwa ubavuni. Juu yake, mahali alipopachana dada yake asubuhi hiyo, palikuwa na selotepu ya kijani.

"Vya jikoni si ulifunga kwa buluu?"

"Buluu vya jikoni, kijani vya chumbani. Ndivyo mkwe wangu Kirby alivyotaka."

"Hii ni kijani."

Bi Corliss alivaa miwani yake. "Basi amelifungua na kulifunga upya, shetani huyo!"

"Nipe daftari lako la maboksi."

Bi Ardis alisoma ukurasa wa namba thelathini na moja kwa kidole, kama alivyofundishwa shuleni. Bati la mkate na ramani. Vikombe sita. Kikaango. Ubao wa kukatia. Bakuli la kijani.

Vikombe vilikuwamo, kikaango kilikuwamo, ubao ulikuwamo. Bakuli halikuwamo.

Halikuwamo kwa sababu lilikuwa jikoni kwake, limejaa maganda ya karoti.

Alifunga daftari. Sasa alikumbuka: alilileta bakuli hilo siku ya mazishi ya Elroy, na Corliss, katika kupakia, akalitia pamoja na vyake bila kulipindua. Aliyeiba ramani ndiye aliyelirudisha. Mtu huyo alikuja kuiba, akaona bakuli la watu linapelekwa Oregon, akashindwa kuliacha lipotee. Kisha akashindwa kulirudisha tupu.

Huyo hakuwa mgeni. Huyo alilelewa vizuri.

*

Saa mbili na nusu alimkuta Kirby ndani ya lori la kukodi, akifunga kabati kwa kamba. Kirby ni mume wa binti wa Corliss. Alikuja kwa ndege Jumanne kusaidia kupakia, na Jumamosi angerudi kazini kwake bandarini, ambako hupanga shehena. Katika mambo ya ramani alikuwa na mdomo.

"Mwanangu, shuka kidogo."

"Mama mdogo, kama ni ile ramani, mimi simo."

"Sijakuuliza bado. Juzi ulisema nini juu yake?"

"Nilisema ni makaratasi. Nilisema simu yangu inajua barabara zote, na ile ya kwenu ina madaraja yaliyobomolewa tangu sijazaliwa." Akajifuta jasho. "Nilikuwa natania. Sasa mama haniangalii usoni."

"Ulifika saa ngapi Jumanne?"

"Saa kumi jioni. Nikala. Saa mbili usiku nikaingia bandani kuhesabu maboksi."

"Namba thelathini na moja uliliona?"

"Niliona! Nikakasirika hata. La jikoni lakini lina selotepu ya kijani. Nikasema, nimewatumia selotepu za rangi kwa posta tangu Septemba, nimewaeleza kwa simu mara tatu, na bado."

"Mbona hukusema?"

"Kwa mama mkwe? Nina akili timamu."

Bi Ardis alicheka kidogo, mara ya kwanza asubuhi hiyo. Maneno ya Kirby yalimpa mambo mawili. Boksi lilifunguliwa kabla ya saa mbili usiku wa Jumanne. Na Kirby, ambaye rangi zile ndizo dini yake, asingefunga la jikoni kwa kijani hata usingizini.

"Na nani aliligonga sanduku la barua?" aliuliza, akitazama nguzo iliyolala nyasini.

"Mjomba Orlin. Jana, alipolirudisha lori nyuma. Akasema kioo kina vumbi." Kirby alishusha sauti. "Kioo kilikuwa safi, mama mdogo. Nilikipangusa mwenyewe."

*

Saa tatu na robo Bi Verna alikuwa katika jiko la kanisa, anasugua birika kubwa la kahawa. Macho yake yalikuwa mekundu tangu Jumapili.

"Umekuja kunikamata," alisema.

"Nimekuja kunywa kahawa. Ila kama una la kuungama, ungama."

"Niliingia bandani Jumatatu, saa kumi jioni, kulichukua birika hili. Nikaliona lile boksi. Ardis, nakwambia mbele ya msalaba ule pale ukutani, niliwaza. Nikasema, nikiichukua, Corliss hataondoka. Miaka arobaini tunapika pamoja humu. Nitabishana na nani kuhusu chumvi?"

"Ukaichukua?"

"Ningeichukua vipi? Orlin alikuwapo."

Bi Ardis aliweka kikombe chini. "Orlin alikuwa anafanya nini?"

"Anapima maboksi, anasema. Mlango umefunguka, jua lote liko usoni kwangu, na yeye ananiita Corliss! 'Habari ya jioni, Corliss.' Nikamwambia, hee, yaani nimenenepa kiasi hicho? Akacheka. Lakini alicheka akiwa amechelewa."

"Bakuli langu la kijani, ni wewe uliyenirudishia jana?"

"Lilikuwa na nini ndani?"

"Karoti."

"Za kuoka?"

"Mbichi. Zina mchanga."

Bi Verna alijishika kifua kwa mikono yenye povu. "Mimi? Nikurudishie bakuli na karoti mbichi? Zenye mchanga? Ningekufa kwanza! Ningekutilia keki ya tufaha, tena ya moto. Huyo ni mwanamume, Ardis. Mwanamume anayeishi peke yake."

Bi Ardis alimshukuru, akaingia kanisani, akakaa kwenye benchi la nne upande wa kushoto, benchi la ukoo wao. Hakuomba mambo mengi. Alikaa tu akitazama mbele, kama zamani katika kioo cha basi, akiacha kila kitu kijionyeshe.

Jumapili, hapahapa, mchungaji aliwaimbisha wimbo mpya. Orlin, mwenye sauti nzito kuliko wote, alinyamaza kimya. Ulipokuja wimbo wa zamani aliimba bila kufungua kitabu. Mezani, Corliss alipompa njia aliyoinakili kwenye ramani mpya, Orlin aliisukuma kwa Ardis: "Nisomee wewe." Na tangu Agosti alikuwa akienda kila mahali kwa miguu. Alisema daktari amemwamuru apunguze tumbo, lakini tumbo lilikuwa palepale.

Katika mji mzima, mtu aliyehifadhi karoti ndani ya mchanga, kama baba yao alivyofanya, alikuwa mmoja.

Bi Ardis alifundishwa tangu utoto kwamba mwenye kosa huendewa kwanza peke yake. Alivaa glavu zake akaenda.

*

Saa nne kamili aliteremka ngazi za ghala la chini katika nyumba ya kaka yake. Kulinuka udongo, vitunguu na utoto wao. Orlin alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, kando ya sanduku la mchanga. Hakuwasha taa.

"Nani?"

"Unaniuliza nani, kaka? Niko hatua tatu kutoka kwako."

"Giza."

"Hakuna giza. Kuna dirisha."

Bi Ardis akatoa mfukoni vipande viwili vya selotepu alivyovichukua bandani, akamwekea kiganjani.

"Kipi cha buluu?"

Orlin aliviinua, akavisogeza pembeni mwa jicho kama kuku anavyotazama punje, akavishusha.

"Umejuaje?"

"Umenirudishia bakuli langu."

"Ah." Akajipiga paji la uso. "Bakuli! Niliingiza mkono kutafuta bati, nikalishika sikio lile lililomeguka. Nililimegua mimi, unakumbuka? Siku ya ubatizo wa mwanao. Nikasema, hili ni la Ardis, likifika Oregon halirudi tena. Nisingeweza kuliacha, Ardis. Kuiba niliweza, hilo sikuweza."

"Na karoti?"

"Ningeliweka tupu barazani kwako? Mimi si mshenzi."

Bi Ardis alitaka kucheka, na machozi yakamtangulia. Alikaa kwenye ngazi.

"Sema yote, kaka."

"Katikati pamekufa," Orlin alisema. "Macho yote mawili. Naona pembeni tu. Nikikutazama usoni naona nywele zako, uso sina. Daktari aliniambia Agosti, usishike usukani tena. Mimi! Miaka thelathini na minane kwenye malori, sikuwahi kuua hata sungura. Na nilimwahidi Elroy, kitandani kwake. Akaniambia, Corliss akija kuhama, mpeleke wewe, usimwachie mtu mwingine. Nikasema nitampeleka. Kila siku nikiamka nasema leo nitawaambia. Kisha mnaleta ramani, mnasema Orlin hivi, Orlin vile, na mimi nakuwa tena yule Orlin."

"Ukafikiri ramani ikipotea hataondoka."

"Mpaka Aprili tu. Labda macho yangetulia."

"Hayatatulia. Na Corliss angelala tena kwenye barafu."

"Najua." Sauti yake ilishuka. "Juzi usiku niliwaza zile saa nne alizolala chini. Ndipo nikajua nimefanya nini. Lakini jinsi ya kurudi nyuma sikuijua. Sikuichana, Ardis. Nimekaa nayo hapa siku tatu na kioo cha kukuza, natafuta mwandiko wa mama. Natafuta jina la Elroy. Sioni hata moja."

Akazamisha mkono mchangani mpaka kiwiko, akatoa kopo la kahawa. Ndani yake, imefungwa kwa nailoni mbili, ilikuwa ramani.

Bi Ardis aliikunjua magotini. "Hapa mvua ya mawe," alisoma. "Hapa Ardis katapika."

"Ulikula maboga ya yule mama wa Bismarck," Orlin alisema. "Nilikwambia usile. Baada ya pale kuna daraja la chuma, barabara inapinda kushoto, kuna kilima chenye mti mmoja."

"Kaka, hayo umeyaona wapi?"

"Sijayaona popote. Nayajua."

Bi Ardis akakunja ramani kwa mikunjo yake ya zamani.

"Nani aliendesha basi la shule miaka ishirini na miwili, kwenye theluji, na watoto arobaini wanapigana nyuma?"

"Wewe."

"Mlinipa kazi ya kusoma ramani. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Orlin alijipangusa mchanga mkononi.

"Mimi usukani, wewe njia," alisema dada yake. "Ulimwahidi Elroy utampeleka. Hukumwahidi kwamba mguu wako ndio utakaokanyaga mafuta. Sasa simama, twende ukamwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

*

Alimwambia saa tano kasoro kumi, jikoni, kofia mkononi, mbele ya Kirby na Verna. Hakujitetea. Bi Corliss alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameikumbatia ramani kifuani. Kisha akamsogelea, akampiga begani kwa ile ramani, si kwa nguvu.

"Mwizi we! Umeniacha nimlaumu huyu mtoto wa watu!"

"Ndiyo, Corliss."

"Ungenitoa roho."

"Ndiyo."

"Unaniona hapa nilipo?"

Orlin aligeuza kichwa pembeni, akamtafuta. "Naona nywele. Hujachana."

Bi Corliss akaangua kilio na kicheko kwa pamoja, akamvuta kaka yake shingoni. Kirby akasema lazima aende kulifunga boksi upya kwa selotepu ya rangi sahihi, akatoka haraka, kwa sababu naye macho yalikuwa yamemlowa.

Ijumaa, saa kumi na mbili na dakika tano alfajiri, lori lilitoka Nordby. Bi Verna alisimama kando ya nguzo ya sanduku la barua, koti juu ya gauni la kulalia. Bi Corliss alishusha kioo, akampa bakuli la udongo lililofunikwa kwa kitambaa. Ndani mlikuwa na supu ya karoti. Chini palikuwa na selotepu mpya yenye jina la Corliss, na chini ya jina, anwani ya Oregon.

Verna alilipindua kidogo, akasoma, supu ikamwagikia kidole.

"Corliss, hili nitalirudishaje?"

"Utajua mwenyewe," alisema Bi Corliss. "Ila usije nalo tupu."

Bi Ardis alitia gia. Katikati alikaa dada yake, ramani magotini. Upande wa mlango Orlin aliegemeza kichwa, akafumba macho.

"Nyoosha mpaka Fargo," alisema. "Pale kwenye ghala la nafaka, baba alipiga honi."

Lilipotokea ghala la nafaka, Bi Ardis akapiga honi.